Makueni: Kaunti ya vilima, mito ya msimu na mchanga wenye thamani

MSAFIRI wa basi anayetoka Nairobi kuelekea Mombasa hukaa ndani ya Kaunti ya Makueni, au kandokando ya mpaka wake, karibu thuluthi nzima ya safari, aghalabu bila kujua. Huyaona majina yakipita dirishani: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Pengine hununua maembe au chupa ya asali, kisha gari huondoka. Picha anayobaki nayo ni ya nchi kame yenye vichaka vya miiba na mibuyu.

Picha hiyo si ya uongo, ila ni nusu tu ya nchi, tena nusu isiyokaliwa na watu wengi. Nusu ya pili iko juu, upande wa kaskazini, ambako barabara kuu haifiki: vilima vya Mbooni na Kilungu, ambako asubuhi huwa na ukungu na miteremko imekatwa ngazi kwa ngazi mithili ya vidato. Huko ndiko ilikoanzia historia ya Wakamba kama wanavyojulikana leo.

Makueni ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 8,000. Imepakana na Machakos upande wa kaskazini, Kajiado magharibi, Taita Taveta kusini na Kitui mashariki, ambako Mto Athi ndio mpaka kwa sehemu kubwa. Katika sensa ya 2019 ilihesabiwa kuwa na watu 987,653. Kitui, jirani na ndugu yake, ilikuwa na watu 1,136,187 katika eneo linalokaribia mara nne ya hilo, jambo linaloonyesha jinsi Makueni ilivyobanana kuliko anavyodhani mpita njia. Maeneobunge yake ni sita: Mbooni, Kilome, Kaiti, Makueni, Kibwezi Magharibi na Kibwezi Mashariki. Makao makuu ni mji wa Wote, jina ambalo msomaji wa Kiswahili asiyeujua huweza kudhani ni neno lililobaki baada ya sentensi kukatwa.

Nchi inayoinama

Ardhi ya Makueni imeinama kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Vilele vya Mbooni na Kilungu vinafikia takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali nyanda zinazopakana na mbuga ya Tsavo ziko karibu mita 600. Tofauti hiyo ndiyo huamua nani atavuna na nani atakosa. Vilimani mvua huweza kufika milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka. Nyandani mwaka mbaya huleta milimita 300 au pungufu.

Misimu ya mvua ni miwili. Ile ya Machi hadi Mei, ambayo kwingineko nchini huitwa mvua ya masika na kutegemewa, hapa huwahadaa wakulima mara kwa mara. Msimu wa kutumainiwa ni wa Oktoba hadi Desemba. Mkulima wa Kibwezi anayekosa mvua ya Novemba huwa amekosa mwaka mzima, hata kama Aprili itanyesha siku tatu mfululizo.

Mito mingi ni ya msimu. Kwa miezi kadhaa mto huwa ni njia pana ya mchanga mweupe ambamo watoto huchunga mbuzi. Mvua ikinyesha vilimani, mto huo hufurika kwa saa chache na kuvunja vivuko, halafu hukauka tena juu. Chini ya mchanga, hata hivyo, maji husalia, na tangu jadi wenyeji wamechimba visima vifupi mtoni kuyafuata.

Kusini-magharibi kuna milima ya Chyulu, iliyotokana na volkano changa, ambayo Makueni inashiriki na Kajiado na Taita Taveta. Sehemu yake ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983. Chyulu hupokea mvua na umande mwingi lakini haina mto hata mmoja juu yake. Maji yote huzama katika miamba yenye vitundu na kutokea mbali chini, kwenye chemchemi: Umani karibu na Kibwezi, Makindu, na iliyo kubwa kuliko zote, Mzima, ambayo iko ndani ya Tsavo Magharibi, Taita Taveta. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyapeleka maji ya Mzima hadi Mombasa. Kwa hiyo mkazi wa Mombasa anayefungua bomba lake hunywa, kwa sehemu, mvua iliyonyesha Chyulu, huku vijiji vingi vilivyo karibu na milima hiyo vikifuata maji kwa punda na mitungi.

Mbooni na njia ya misafara

Masimulizi ya wazee yanasema Wakamba walitoka pande za Kilimanjaro, wakapitia nyanda za Chyulu na hatimaye kukaa katika vilima vya Mbooni. Wanahistoria wengi huweka makao hayo katika karne ya 17. Jina lenyewe husemekana kutokana na mbogo, waliokuwa wengi kwenye misitu ya huko. Vilima vilikuwa na maji, udongo wa kulimika na miteremko ya kujihami. Watu waliongezeka, ardhi ikapungua, na katika karne ya 18 koo zikaanza kushuka: baadhi zilikwenda Kilungu, nyingine Iveti katika Machakos ya leo, na nyingine zikauvuka Athi kuingia Kitui.

Kuvuka huko kuliwabadilisha waliovuka. Kitui ni kavu zaidi na kilimo kilikuwa cha bahati nasibu, hivyo waliohamia walitegemea zaidi uwindaji, mifugo na biashara. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote alikuwa Kivoi wa Kitui. Ni yeye aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf, ambaye mnamo Desemba 3, 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya na kuwapelekea Wazungu habari zake. Waliokuwa chini ya mlima huo wakiishi nao kila siku hawakuhitaji kuambiwa. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa msafara wake uliposhambuliwa karibu na Mto Tana, na Krapf akanusurika kwa taabu.

Wamishonari waliomfuata Krapf walikuja kukaa. Mwaka 1891 Waskoti walifungua kituo Kibwezi, lakini malaria iliwaua na kuwadhoofisha hata mwaka 1898 wakauhamisha ujumbe wao hadi Kikuyu, ambako Thogoto ikawa chimbuko la kanisa la Presbiteri nchini. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott alifika na wenzake na kuanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission kwenye kilima cha Nzaui. Aliaga dunia Desemba 1896, kabla ya miaka miwili kupita. Hivyo makanisa mawili kati ya yaliyo makubwa nchini yalianza katika ardhi ya Makueni, ingawa umaarufu wake yalikwenda kuupatia Kikuyu na Kijabe.

Reli ilipita vilevile. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ikiacha nyuma yake mfululizo wa stesheni zilizogeuka miji. Sultan Hamud hukumbuka ziara ya Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alipokuja kuitazama reli mwaka 1898. Makindu ni mikindu iliyoota kando ya maji. Mafundi Wahindi walioajiriwa katika reli waliacha hapo ibada yao: hekalu la Makalasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, hadi leo huwapa wasafiri wa dini yoyote chakula na malazi bila malipo. Madereva wa malori huijua anwani hiyo vizuri.

Njaa zenye majina

Katika Ukambani miaka ya shida haitajwi kwa tarakimu. Kila njaa ina jina lake, na mzee huweza kukuambia alizaliwa baada ya ipi. Ile ya 1898 na 1899 huitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali na hapakuwa na pa kukimbilia. Iliandamana na maradhi ya ndui, na ilikuja muda mfupi baada ya sotoka kufagia ng'ombe. Ile ya 1961 ni njaa ya Ndeke, yaani ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Na ile ya 1984 huitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa hali nimeshika: pesa zilikuwapo mkononi lakini dukani hapakuwa na cha kununua. Ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya uchumi wa ukame.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na maelezo yake. Baada ya kuwanyang'anya Wakamba malisho na kuwafungia katika hifadhi, iliangalia vilima vilivyochakaa na kuamua kwamba kosa ni la ng'ombe na wenye ng'ombe. Mwaka 1938 ilianza kuwauza mifugo kwa nguvu, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Wakamba wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni yote, walikataa. Chini ya uongozi wa Muindi Mbingu, maelfu yao, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi na kupiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini uuzaji huo wa nguvu ulisitishwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali iligeukia udongo. Katika nyanda za Makueni, zilizokuwa tupu kwa sababu ya mbung'o, vichaka vilifyekwa na familia kutoka vilimani zikapewa mashamba mapya. Ndiyo sababu wengi wa wakazi wa pande za Wote bado hutaja Mbooni au Kilungu wanapoulizwa kwao ni wapi. Vilimani kwenyewe watu waliamrishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na amri hiyo ilichukiwa kama amri zote za aina yake.

Ajabu ni kwamba baada ya uhuru, amri ilipokoma, matuta yaliongezeka. Wakulima walikuwa wameona kwamba shamba lenye kinga hubakiza maji na mahindi hukomaa. Walichimba kwa mwethya, desturi ya kale ya majirani kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja leo na ya mwingine kesho. Wengi wa wanachama walikuwa wanawake, kwa kuwa waume walikuwa Nairobi au Mombasa kwa kazi. Mtindo waliopendelea ni wa kuchimba mtaro kufuata usawa wa mteremko na kutupa udongo upande wa juu. Nyasi hupandwa kwenye tuta, na baada ya misimu kadhaa udongo unaokwama hapo huugeuza mteremko kuwa ngazi. Mbinu hiyo huitwa fanya juu, na ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili yaliyoingia katika vitabu vya kilimo vya Wazungu bila kutafsiriwa.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos ya zamani, pamoja na Makueni, kuanzia 1930 hadi 1990. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Wakoloni walikuwa wametabiri jangwa. Watafiti waliikuta nchi ikiwa na miti mingi zaidi na mmomonyoko mdogo zaidi kuliko ile iliyopigwa picha katika miaka ya 1930. Kitabu hicho bado hubishaniwa, hasa na wanaosema kwamba vilima si nyanda na kwamba wanyonge hawakunufaika sawa na wenye mapato ya mjini. Pingamizi hizo zina uzito. Hata hivyo, matuta yenyewe yapo na huonekana.

Mahindi ya 2004

Makueni ilitengwa na Machakos kuwa wilaya kamili mwaka 1992. Miaka 12 baadaye jina lake lilisikika ulimwenguni kwa jambo la kusikitisha.

Mapema mwaka 2004, mavuno yalikuwa haba na mvua ilinyesha mahindi yakiwa hayajakauka. Familia nyingi, zikihofia wezi, ziliyaingiza ndani na kuyarundika sakafuni yakiwa na unyevu. Ukungu uliota na kutoa sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala haionekani kwa macho. Wagonjwa walianza kufika hospitalini macho yakiwa manjano na matumbo yamevimba. Kufikia Julai walikuwa wameandikishwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Waliokufa walikuwa wamekula walichokivuna wenyewe, katika eneo ambalo kwa miaka mingi liliambiwa tatizo lake ni kukosa mavuno.

Baada ya mkasa huo, kukausha mahindi juu ya turubai, kupima unyevu na kuhifadhi katika magunia yasiyopitisha hewa yakawa mambo ya kufundishwa barazani. Ushauri wa zamani zaidi, wa kupanda mtama, wimbi, mawele, mbaazi na ndengu badala ya kung'ang'ania mahindi, nao ulipata nguvu. Ndengu hasa zimeitikia, kwa sababu hukomaa haraka na zina soko. Lakini mahindi hayajang'oka: muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe au mbaazi, ndicho chakula ambacho Mkamba aliye ugenini hukiota.

Kaunti na watu wake

Serikali ya kaunti ilianza kazi mwaka 2013 chini ya gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, mwanasheria. Mwaka huohuo kaunti ilimpoteza seneta wake wa kwanza, Mutula Kilonzo, aliyefariki Aprili, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanawe, Mutula Kilonzo Junior, ambaye alikuja kuwa gavana mwaka 2022.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Gavana na madiwani waligombana juu ya bajeti hadi shughuli zikakwama, na Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika makao ya bunge la kaunti na watu kujeruhiwa. Wakazi walikusanya maelfu ya saini wakitaka kaunti yao ivunjwe. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilipendekeza isimamishwe, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa na kuwaambia viongozi wapatane. Hakuna kaunti nyingine iliyokuwa imefika ukingoni namna hiyo.

Kilichofuata hakikutarajiwa. Kaunti ilijenga utaratibu wa mikutano na kamati za maendeleo kutoka kijijini hadi makao makuu, ambamo wenyeji huchagua mradi, huukagua na, kandarasi ikiharibika, hukataa kuupokea. Mwaka 2016 ulianzishwa mpango wa afya uliowezesha familia kutibiwa katika hospitali za kaunti kwa ada ya Sh500 kwa mwaka. Katika ukaguzi wa hesabu za 2017/2018, Makueni na Nyandarua ndizo pekee kati ya serikali 47 za kaunti zilizopata ripoti safi. Wageni kutoka kaunti nyingine walianza kuja Wote kujifunza. Huenda ilisaidia kwamba raia walikuwa wameshatia saini ya kuivunja serikali mara moja, na kila kiongozi alilijua hilo.

Uchumi umeegemea embe. Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa zao hilo, ambalo kwa muda mrefu lilinunuliwa na madalali shambani kwa bei ya kutupa, kwa kuwa embe lililoiva halimsubiri mtu. Kiwanda cha kusindika matunda cha Kalamba, kilichofunguliwa na kaunti mwaka 2017, kilikusudiwa kumpa mkulima mnunuzi wa pili. Vilimani kuna kahawa na maparachichi, Kibwezi kuna mkonge, nyandani mizinga ya nyuki na mbuzi. Viondo vinavyosukwa na wanawake huku wakitembea au wakisubiri zamu kisimani huuzwa hadi ng'ambo.

Kilungu ndiko alikozaliwa mwaka 1939 mwandishi David Maillu, ambaye riwaya zake za miaka ya 1970 ziliwakasirisha wazazi na walimu na kusomwa kwa siri na watoto wao. Upande wa kaskazini-magharibi kabisa, Malili, serikali kuu inajenga jiji la teknolojia la Konza juu ya ekari 5,000. Rais Mwai Kibaki alilizindua Januari 2013, na kwa miaka mingi baadaye swala na pundamilia walibaki wengi kuliko majengo.

Mchanga na maji

Suala linalowagusa wakazi kila siku, hata hivyo, ni mchanga. Majengo mengi ya Nairobi yamejengwa kwa mchanga wa mito ya Ukambani. Lori moja huondoka na mchanga, na pamoja nao huondoka hifadhi ya maji, kwa sababu mto uliobaki mwamba mtupu hauna tena pa kuyaficha. Vijana wasio na kazi hupata riziki humo, madalali hupata utajiri, na walio chini ya mto hubaki na mashimo. Watu wameuawa katika ugomvi huo. Mwaka 2015 kaunti ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia, hatua iliyoandamwa na magendo ya usiku.

Upande wa pili wa vita hivyo ni mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hujengwa kukingama mto, ukiwa umeshikana na mwamba. Kila mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na baada ya misimu michache mchanga huo hushikilia maji kwa kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi, yakiwa yamekingwa na jua na mbu. Katika Ukambani yamejengwa mamia kwa mamia, mengi kwa mwethya uleule uliochimba matuta.

Mradi mkubwa kuliko yote ni bwawa la Thwake, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ujenzi ulianza mwaka 2018 na umechukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Ukuta wake umebuniwa kuwa na kimo cha mita 80.5 na kushikilia mita za ujazo milioni 688, kwa matumizi ya nyumbani, umeme na unyunyizaji. Athi, hata hivyo, ni mto unaokusanya maji ya Nairobi, pamoja na uchafu wa viwanda na mabomba ya majitaka, na wakazi wa kando yake wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu rangi na harufu yake. Mtambo wa kusafisha maji umo katika mipango ya Thwake. Kuuzuia uchafu wenyewe ni kazi ya kaunti iliyo juu ya mto, ambayo Makueni haina mamlaka nayo.